Mlima haujui ratiba ya ligi

UKITAJA Msasani, wengi wanawaza bahari, samaki wa kuchoma na foleni ya Dar es Salaam. Lakini kuna Msasani nyingine ambayo haina hata harufu ya chumvi. Iko Tukuyu, wilayani Rungwe, na huko mtu akiamka asubuhi anatazama juu kwanza, aone kama mlima upo au umemezwa na ukungu.

Machi na Aprili mara nyingi umemezwa. Tukuyu ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, na mvua yake siyo ile ya kupiga nusu saa ikaondoka. Inaanza mchana, inalala hapo hapo na kuamka hapo hapo. Migomba inafurahi, chai inafurahi, parachichi zinanenepa.

Mpira nao haulali. Vijana wanacheza kwenye tope mpaka jezi za timu mbili zinakuwa rangi moja, refa anabaki kutambua wachezaji kwa sura. Kipa anaruka upande wa kulia, anateleza mpaka nje ya goli, watu wanacheka, mechi inaendelea. Hiyo ndiyo raha ya soka la milimani na hakuna mwenye akili atakayetaka kuiondoa.

Ila kuna swali ambalo kwenye vikao vya ratiba halisikiki sana. Timu inafikaje uwanjani, na uwanja wenyewe umekaa chini ya nini?

Rungwe ni wilaya ya miteremko. Mechi ya ugenini maana yake ni vijana ishirini na kitu wamejazana kwenye Noah mbili au nyuma ya Fuso, wanapanda barabara ya udongo ambayo upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni bonde. Viwanja vya vijijini vilichongwa pale palipopatikana tambarare, na tambarare kwenye nchi ya milima mara nyingi iko miguuni mwa mteremko.

Mvua ikipiga siku tatu mfululizo, mteremko ule siyo ule tena. Ratiba lakini ni ile ile. Inasema saa kumi jioni, na timu isipotokea, pointi tatu zinaondoka mezani.

Hapo ndipo penye shida. Sheria iliyowekwa ili timu zisitege mechi imegeuka kuwa sheria inayomlazimisha kocha apakie watoto wa watu kwenye gari siku ambayo roho yake inamwambia wasiende. Ligi za wilaya na mashindano ya ndondo milimani zinatakiwa kubadilisha hilo, na zibadilishe kabla ya masika, siyo baada ya msiba.

JUMAPILI MBILI

Atakayesema haya ni maneno ya woga akumbuke Jumapili mbili.

Ya kwanza ni Desemba 3, 2023. Asubuhi, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara na kuingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Serikali ilieleza baadaye kwamba sehemu ya mlima ilikuwa na miamba laini iliyonyonya maji mpaka ikashindwa kujibeba, ikameguka.

Ya pili ni Aprili 14, 2024, na hii iko jirani kabisa. Mlima Kawetere jijini Mbeya uliporomosha udongo kwenye Kata ya Itezi, nyumba za watu zikafukiwa pamoja na majengo ya shule. Kutoka Uyole kwenda Tukuyu ni barabara moja. Mvua iliyokuwa inanyesha kule ni ndugu wa mvua inayonyesha Rungwe.

Zote mbili zilikuwa Jumapili. Na Jumapili kila mpenzi wa soka la mtaani anajua ni siku ya nini.

Kuna jambo jingine linalounganisha milima hii. Hanang ni volkano iliyozimika. Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, nao ni volkano. Hata Mlima Elgon, ambako Machi 2010 maporomoko yalifukia vijiji vya Bududa nchini Uganda, ni volkano ya zamani. Udongo wa milima ya aina hii una rutuba ya ajabu, ndiyo maana watu wanajazana kuulima. Lakini umelala kwa matabaka: majivu ya kale, mawe mepesi, udongo wa mfinyanzi. Maji yakizama mpaka kwenye tabaka ambalo halipitishi, yanatuama pale, na kila kilicho juu yake kinakuwa kama mkeka uliotandikwa juu ya sabuni.

THELUJI NA UDONGO

Wanaoujua mkeka huo vizuri zaidi duniani ni watu wa nchi za theluji, na inafaa watu wa Rungwe wawasikilize japo mlima wao hauna theluji.

Theluji nayo inaanguka kwa matabaka. Ya leo inalala juu ya ile ya wiki iliyopita. Katikati kukiwa na tabaka dhaifu, chembe zisizoshikana kama sukari, tabaka la juu linakaa pale likisubiri sababu. Sababu inaweza kuwa theluji nyingi mpya, au upepo uliorundika mzigo upande mmoja. Mara nyingi zaidi, kwa wale wanaokufa, sababu ni uzito wa mtu mmoja aliyepita juu yake. Linapasuka kama kioo na kushuka lote kwa pamoja, kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 100 kwa saa.

Hatari kubwa iko kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Iliyo laini kuliko hiyo ni nadra kuporomoka. Iliyo mikali sana haiwahi kurundika theluji ya kutosha. Kwa hiyo pabaya zaidi ni pale ambapo panapandika, panapendeza na panamshawishi kijana kushuka.

Aliyefukiwa ana kama dakika kumi mpaka 15 za matumaini makubwa. Baada ya hapo nafasi ya kumtoa hai inaporomoka kama ule mlima, kwa sababu theluji ikisimama inashika kama zege na pumzi inakwisha. Dakika 15 ni mapumziko ya mechi moja.

Januari 5, 2015, vijana sita wa kikosi cha maendeleo cha timu ya taifa ya Marekani ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji walikuwa Sölden, Austria. Waliacha njia iliyotengenezwa wakashuka pembeni, kwenye theluji mpya. Tahadhari ya siku hiyo ilikuwa daraja la tatu kati ya matano. Mlima ukakatika. Wanne walitoka. Ronnie Berlack, miaka 20, na Bryce Astle, miaka 19, hawakutoka.

Hawakuwa watalii. Walikuwa wanamichezo waliolelewa kwenye theluji. Familia zao zilianzisha taasisi ya kuwafundisha vijana wa mchezo huo kusoma hatari ya mlima, maana kumbe mtu anaweza kuwa fundi wa kushuka na asijue kitu kuhusu kile anachoshukia.

Mwaka uliofuata, Aprili 2016, Mswisi Estelle Balet alikufa kwa maporomoko ya theluji nyumbani kwao. Alikuwa na miaka 21, na alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa dunia wa kushuka milima kwa ubao kwa mara ya pili mfululizo. Alikuwa na kofia ngumu, kifaa cha kumtafuta aliyefukiwa na mfuko wa hewa. Bingwa, mwenye vifaa, kwenye milima ya kwao. Mlima haukuuliza.

Somo hapo ni rahisi. Ufundi wa mchezo hauhusiani na usalama wa mteremko. Winga anayekimbia kama upepo Msasani hakimbii kuliko tope lililochanganyika na mawe.

OLIMPIKI ILISUBIRI

Sasa watazamwe wenye mlima wao wanafanya nini.

Nchi za Ulaya zenye milima ya Alps zinatumia kipimo kimoja cha madaraja matano tangu mwaka 1993. Kila siku ya msimu wa baridi taarifa inatoka: leo ni daraja gani, upande gani wa mlima, kuanzia urefu gani. Mtu anaisoma kabla hajavaa viatu. Ikizidi, njia zinafungwa na mbio zinaahirishwa, na aliyeahirisha hapigiwi kelele kwamba ni mwoga.

Wapenzi wa michezo Afrika Mashariki wanaikumbuka Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japan, mwaka 1998, kwa sababu ya Mkenya Philip Boit. Alimaliza wa mwisho kwenye mbio za kilomita 10 za theluji, wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mwishoni amkumbatie. Picha ile ilizunguka dunia.

Lakini kwenye Olimpiki hiyo hiyo kuna jingine la kukumbukwa. Mbio za wanaume za kushuka mlima, ambazo ndizo kubwa kuliko zote kwenye mchezo huo, zilipangwa Februari 8. Theluji, mvua na ukungu vikakataa. Zikaahirishwa, zikaahirishwa tena, zikafanyika Februari 13. Televisheni za dunia nzima zilikuwa zimelipia. Wadhamini walikuwa wamekaa. Siku tano watu wakanywa chai wakitazama dirishani.

Kama Olimpiki ilisubiri siku tano, ligi ya wilaya inashindwaje kusubiri Jumapili moja?

Wala haihitajiki kwenda Japan. Januari 2006, mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, Mlima Kilimanjaro, yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Barafu iliyokuwa imeshikilia mawe yale ilikuwa imeyeyuka na kurudi nyuma. Mamlaka zikaifunga njia, na ikakaa imefungwa zaidi ya mwaka mzima. Ilikuwa njia ya kuingiza pesa, lakini ilifungwa. Kwa hiyo Tanzania inajua kufunga. Inachotakiwa ni kumpa huruma hiyo hiyo kijana wa ndondo anayepewa mgeni wa dola.

Tena Kilimanjaro huo huo ulionyesha upande wa pili wa jambo hili. Juni 2017, wanawake wanasoka kutoka nchi mbalimbali walicheza mechi kamili ya dakika 90 ndani ya kreta, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, wakaweka rekodi ya dunia. Walipanda kwa siku kadhaa, taratibu, miili izoee. Hawakwenda kwa sababu ratiba imesema. Walipanga mechi kwa kuufuata mlima, ndiyo maana walicheza na kurudi.

MVUA SIYO KISINGIZIO

Wapinzani wa hoja hii wapo, na baadhi wana maneno ya maana.

Wa kwanza watasema: Tukuyu ukingoja mvua ikatike hutacheza mpira kabisa. Kweli. Lakini hakuna anayesema mechi zisimame kwa sababu ya mvua. Mvua ya kawaida ichezewe, tope lipigwe, jezi zichafuke. Kinachozungumzwa ni mvua kubwa iliyorundikana siku kadhaa, na mechi ambazo uwanja au barabara yake viko chini ya mteremko mkali. Mechi ya katikati ya mji na mechi ya kupanda mlimani haziwezi kupimwa kwa rula moja.

Wa pili watasema: bingwa wa wilaya anatakiwa mkoani kwa tarehe, tukiahirisha tunakosa mwakilishi. Hiyo nayo ni kweli, na dawa yake ni kupanga mechi za milimani mapema. Mechi za mabondeni na mjini ziwekwe masika, za kwenye miinuko ziwekwe kiangazi. Kalamu na karatasi vinatosha.

Wa tatu ni mdhamini. Ng'ombe amenunuliwa, mgeni rasmi ameshaalikwa, wanamuziki wamelipwa nusu. Huyu ndiye mgumu kuliko wote, maana ana pesa na wengine wana njaa ya mpira. Lakini ng'ombe anaweza kula majani wiki moja zaidi. Mgeni rasmi naye atakuja wiki ijayo, na kama hawezi, basi alikuwa anakuja kwa ajili yake mwenyewe.

Kuna na wa nne, ambaye hasemi kwa sauti. Ni yule mchezaji wa miaka 19 anayeona kukataa kupanda gari ni kuonekana laini. Huyu hawezi kuachiwa uamuzi. Hakuna kijana duniani aliyewahi kuwaambia wenzake kumi na tisa walioshavaa jezi kwamba yeye leo anaogopa barabara. Uamuzi lazima ufanywe na sheria, ili mtu asilazimike kuwa shujaa kwa kusema hapana.

KOPO NA SIMU

Na sheria yenyewe haina gharama.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa kwa hatua zinazoeleweka: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kanuni ya mashindano iseme wazi kwamba mkoa ukiwa kwenye tahadhari ya mvua kubwa, mechi zote zilizoorodheshwa kuwa za mteremko zinasogezwa zenyewe, bila barua, bila faini, bila kikao cha rufaa.

Lakini taarifa ya mkoa haioni kila kijiji, na Rungwe mvua inaweza kupiga upande mmoja wa kilima na kuacha wa pili. Hapo linaingia kopo. Kopo lenye pande zilizonyooka, limewekwa wazi usiku kucha mbali na mti na paa, linapimwa asubuhi kwa rula ya shule. Mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24 ndiyo wataalamu wanaiita mvua kubwa. Milimita 50 ni sentimita tano za maji. Katibu wa timu mwenyeji apige picha, atume kwenye grupu la WhatsApp la ligi kabla ya saa mbili asubuhi. Kila ligi ina grupu na kila siku linajaa matusi ya refa. Mara moja kwa wiki lifanye kazi.

Kuna na dalili ambazo mzee yeyote wa mlimani anaweza kuziona bila rula. Ufa mpya kwenye udongo juu ya barabara. Miti au nguzo zilizoinama ambazo wiki iliyopita zilikuwa wima. Chemchemi iliyokuwa safi imeanza kutoa tope. Na mbaya kuliko zote: mto unapungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Maana yake kuna kitu kimeziba huko juu, na kitakapoachia hakitatoa taarifa. Ikionekana moja tu, kocha wa ugenini awe na haki ya kugeuza gari, na kamisaa aandike kwenye ripoti "imeahirishwa", siyo "hawakutokea".

Neno hilo moja kwenye ripoti ndilo lenye uzito wote. Leo kocha anayegeuza gari anapoteza mechi, anazomewa mtaani na msimu ujao timu anapewa mwingine. Anayeendelea na safari akafika salama anaitwa mpambanaji. Kila Jumapili inayopita bila ajali inamfundisha kwamba yuko sahihi, kumbe ana bahati. Mtelezaji wa Sölden naye alikuwa ameshuka mara nyingi kabla ya ile mara ya mwisho.

Rungwe siyo wilaya ya kufundishwa ujasiri. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walipanda daraja wakatwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu huo huo, mbele ya vigogo wa Dar. Wazee wa Tukuyu mpaka leo wakianza kuisimulia hawamalizi kabla chai haijapoa. Banyambala kwa Kinyakyusa ni wanaume, na jina lile lilipatikana uwanjani, kwa mpira. Halikupatikana kwa kupita chini ya mlima uliojaa maji.

Masika hayako mbali, na vikao vya kupanga ratiba vitakaa tena, kwenye madarasa na kwenye ofisi za kata, kama kila mwaka. Wajumbe watabishana kuhusu ada, waamuzi na posho. Kabla hawajafunga, mmoja asimame aulize mechi ngapi kwenye karatasi hiyo ziko chini ya mteremko, na nani ana ruhusa ya kusema leo hatupandi.

Kama jibu ni "hakuna", kikao hakijaisha.